Sura Katika Kioo cha Samaki

Jumatatu, tarehe 3 Februari 2003

Leo nimejifunza kukata. Kitufe kinaitwa Recadrer. Unavuta mstari kumzunguka samaki, unabonyeza, na vyote vya nje vinaondoka — bomba la hewa, ukuta, kidole changu. Samaki anabaki peke yake kama mkubwa aliyepigwa picha ya kitambulisho. Nilicheka kwa sauti. Mireille alitoka depo, chumba cha kuwekea vitu, kuona kuna nini.

— Prof, weye unacheka na mashini sasa?

Ordinateri, kompyuta hii, ni ya Baudouin, mwanafunzi wangu wa zamani, aliyekuwa akichunguza samaki wa Ziwa Albert mpaka barabara ikafungwa. Alipokimbia mwaka jana aliniachia yote: ordinateri inayofungwa kama kitabu, kamera inayomeza disketi, sahani ya umeme wa jua juu ya bati, na akwariamu yenye samaki wadogo wa mawe kutoka Mahagi-Port. Mimi nami ni wa Mahagi-Port. Maisha yangu yote darasani niliwachora samaki hao ubaoni kwa chaki nyeupe. Chaki nyeupe! Madume wao ni bluu kama shingo ya njiwa. Nataka picha moja nzuri kabla moyo huu haujasimama. Miguu imevimba tena hadi magoti.

Na niandike wazi, maana sina tena umri wa kujificha ukweli mimi mwenyewe: Mireille anaishi katika depo, nyuma ya pazia, kando ya akwariamu, tangu nyumba yake ilipochomwa. Alikuwa akiuza vitenge sokoni, mtaa wa Mudzipela. Nusu ya mji inaijua sura yake. Wenye bunduki wanawatafuta watu wa kabila lake nyumba kwa nyumba. Watoto wake wako Arua, ng'ambo ya mpaka, kwa dada yake, wanamngoja. Hapa anapika, anapasha maji ya samaki na ya miguu yangu, ananiinua kitandani. Hakuna anayejua, ila Sista Émilienne wa dispensari, aliyemleta.

Marcellin, jirani, alionja sombe, mboga ya majani ya muhogo, mchana. Akaramba vidole. "Prof, sombe yako inashinda ya bibi yangu! Nani alikufundisha?" Nikamwambia ni kitabu.

Nyuma ya pazia nilisikia mtu akijiziba mdomo.


Jumanne, tarehe 4 Februari

Yule jike mwenye doa jichoni hali chochote. Namtupia unga wa ndakala, dagaa waliokaushwa, anageuza uso. Koo limevimba. Ana watoto mdomoni! Samaki hawa ndivyo walivyo: mama anafunga mdomo juu ya watoto wake, na njaa anaivumilia.

Nilimweleza Mireille. Akasimama mbele ya kioo muda mrefu.

— Huyu ni mwenzangu. Mudomo imefungwa, hakuna kutoka.

Kisha akamwuliza samaki kama na yeye amechoka na harufu ya depo.


Jumatano, tarehe 5 Februari

Nimeipata! Asubuhi jike aliwatema watoto, wakawa kama wingu la nukta mbele ya uso wake, kisha akawameza tena. Yote kwa pumzi chache. Mkono wangu unatetemeka, hivyo Mireille alisimama nyuma yangu akanishika kiwiko kama mtu anayemsaidia mtoto kuandika. Tulifyatua. Mara moja tu.

Baudouin alinionya: funga dirisha, giza liwe chumbani, mwanga uwe kwa samaki. Leo hapakuwa na nafasi ya kufunga dirisha. Jike hangoji mtu.

Picha ni giza lakini watoto wanaonekana. Jioni nikabonyeza Luminosité, kitufe cha mwanga. Kidogo tu, macho yangu yenye ukungu hayaamui vizuri. Nikaongeza Contraste, inayotenga giza na mwanga. Bluu ya dume nyuma ikatokea. Nikajikuta nimepiga makofi.


Alhamisi, tarehe 6 Februari

Nimempa Marcellin disketi aipeleke kwa Anselme, mwenye studio ya picha karibu na soko. Ana mashini ya kuchapa rangi. Marcellin aliuliza mara mbili kama kweli ni samaki tu.

— Bale vijana banaenda kule kupiga foto na bunduki, na lunettes ya jua ku macho. Na weye unatuma samaki!

Mchana Sista Émilienne alipita na dawa ya moyo. Alisubiri Mireille aingie bafuni, akaniambia kwa sauti ya chini: gari la wagonjwa na yatima linaondoka Jumamosi kwenda Mahagi. Kwenye vizuizi wanawapisha masista. Kuna nafasi ya mtu mmoja, avae nguo ya sista, asiseme neno. Kutoka Mahagi hadi Arua ni karibu. Nimwambie Mireille, ananisikiliza mimi; akikubali nimtumie Sista neno.

Nikasema nitamwambia.

Jioni aliniosha miguu. Alisimulia jinsi mtoto wake mdogo anavyoiita ndizi "dindi." Sikumwambia. Kesho.


Jumamosi, tarehe 8 Februari

Gari limeondoka. Nilisikia likipita.

Sista atadhani Mireille amekataa. Niliandika "kesho" Alhamisi, na Ijumaa nikasema usiku, na usiku nikasema amelala.


Jumatatu, tarehe 10 Februari

Marcellin ameleta picha. Nzuri kupita nilivyotegemea! Jike, wingu la watoto, kila gamba limeng'aa. Machozi yalinitoka, na sioni aibu.

Kumbe Anselme naye ameipenda. Ameikuza ikawa kubwa kama gazeti, ameitundika mlangoni pa studio.

— Samaki yako imekuwa staa, Prof! Anselme anasema kazi yako ilikuwa muzuri lakini giza mingi, akaongeza mwanga. Batu yote banasimama pale. Na banasema juu ya samaki kuko malaika.

— Malaika gani?

— Pale, ndani ya maji. Sura ya mama. Bengine banasema ni Mama Adèle, bibi yako, amerudi kuchunga samaki. Commandant moja, mukubwa wa bale ya bunduki, naye aliangalia sana. Anasema ile sura anaijua, lakini hakumbuki ni ya nani. Labda aliimbaka koro pamoja na Mama Adèle, ha!

Nilicheka naye. Sijui nilichekaje. Marehemu mke wangu hakuwahi kuimba kwaya. Alikuwa na sauti ya kufukuza kuku na alijua.

Baada ya kuondoka kwake nilichukua lenzi. Karatasi yangu ni ndogo. Nikaona kitu, nikajiambia ni mmea wa majini.


Jumanne, tarehe 11 Februari

Si mmea.

Nilifungua picha kwenye ordinateri nikavuta Luminosité hadi mwisho. Samaki wakawa weupe kama karatasi, na nyuma yao, katika kioo, likatokea dirisha lililo wazi, kichwa changu chenye upara kimeinamia kamera, na juu ya kichwa changu — Mireille. Sura nzima. Macho, kitambaa, lile pengo la meno ya mbele. Alikuwa akitabasamu. Anayenunua kitenge Mudzipela akiangalia vizuri atamtambua.

Mimi, mwalimu wa biolojia na fizikia, niliyefundisha jinsi mwanga unavyogonga kioo na kurudi! Niliwapa watoto mtihani juu ya jambo hilo.

Sikumwambia. Nilisema naumwa kichwa. Nikashinda nikijifunza kitufe kingine: Tampon. Unachota kipande cha picha mahali pamoja, unakipiga mahali pengine kama muhuri. Unachota jiwe, unafunika shavu. Mara ya kwanza nilimwekea samaki jicho la tatu. Kuna Annuler ya kurudisha, lakini inarudi hatua moja tu. Ukikosea mara mbili, basi, umekosea.


Jumatano, tarehe 12 Februari

Alinikamata. Aliniletea uji, akainama juu ya bega langu kabla sijafunga kifuniko. Nusu ya uso wake ilikuwa imeshageuka mawe.

Nilimweleza yote: studio, mlango, commandant. Nilingoja anipigie kelele. Alivuta kiti akakaa.

— Njo miye huyu? Nimekonda namna hii?

Kisha akasema picha zake zote ziliungua na nyumba. Za ndoa, za komunyo, ile ya marehemu bwana yake kando ya pikipiki. Za watoto alipowazaa. Duniani hamna picha yake hata moja, ila hii, na ni Prof aliyeipiga bila kujua, pamoja na samaki.

— Unifute polepole, akasema. Niangalie.

Nikafuta polepole. Paji la uso, jiwe. Macho niliacha mwisho. Akanishika kiwiko, sawasawa na siku ile. Mdomo haukukubali mawe, rangi zilikataa kufanana. Yeye ndiye aliyeona kwamba nichote kivuli cha chini ya mmea. Ana jicho la mtu wa vitenge. Ilipokwisha palikuwa na maji na mawe tu, na jike, na watoto wake.

Aliniomba ile ya kwanza nisiifute, nimwekee kwenye disketi. Aiweke kwenye mfuko wa sukari, chini kabisa. Ni upumbavu. Nimekubali.


Alhamisi, tarehe 13 Februari

Marcellin amepeleka disketi mpya na ujumbe: Prof anasema ile ya kwanza ilikuwa na kasoro, iondolewe, itundikwe hii. Amelalamika njia nzima hadi langoni. "Unasumbua batu juu ya samaki moja, na hata hailiwe!"

Padri alikuja kuniungamisha. Nilimpa dhambi ndogo ndogo: hasira, uvivu wa sala, wivu wa zamani juu ya mwalimu mwenzangu. Alinisamehe zote vizuri. Ile kubwa nimebaki nayo mdomoni.


Ijumaa, tarehe 14 Februari

Ee Mungu. Anselme hakuiondoa. Amezitundika zote mbili, bega kwa bega!

Marcellin alinisimulia kwa furaha, amekaa kwenye kiti changu cha kamba, akila sombe. Anselme anawaonyesha wateja: tazameni kazi ya muzee wa karibu miaka themanini, huku kuko mutu, huku hakuna, amemutosha mu picha kama uchawi! Anataka vijana wa studio wajifunze. Anatangaza jina langu na avenue ninayokaa.

— Na commandant?

— Njo mambo yenyewe! Alicheka sana. Alisema, huyu muzee anajua kuficha mutu.

Marcellin alisema neno hilo akitafuna, hakusikia alichosema. Au alisikia. Simjui tena jirani yangu, na hilo nalo ni huzuni.

— Anakuja siku ya Mungu kuona akwariamu yako, baada ya misa. Nilimwambia karibu, Prof hakatae mugeni. Uvae ile koti ya nguo nyeusi.

Kuficha picha moja ningeweza. Nilichofanya ni kutundika mtu na mahali alipofutwa, ubavu kwa ubavu, ili hata mjinga aulize: alikuwa nani, na kwa nini ameondolewa?

Nimemwandikia Sista mstari mmoja kupitia msichana wa dispensari: dawa imekwisha, aje mwenyewe.


Jumamosi, tarehe 15 Februari

Sista alikuja. Gari lingine ni kesho, mapema, kabla ya misa, kama mafuta yatapatikana. Alimwambia Mireille uso kwa uso, hakunipa mimi kazi hiyo tena. Akasema: "Safari hii usikatae, mama."

Mireille akageuka kuniangalia.

Sista aliondoka. Mireille alichuja maji ya samaki, akafuta kioo, akapanga mawe. Mimi ndiye niliyeanza. Nimesoma Kilatini, nimefundisha madaktari wawili, na sikupata sentensi nzuri. Nilisema: Kulikuwa na gari wiki iliyopita. Nafasi ilikuwa yako. Sikukuambia.

— Ulisahau?

Mlango ulikuwa hapo, wazi. Ningeweza kupita. Mzee, moyo mbovu, kumbukumbu imechakaa.

— Hapana. Niliogopa kufa peke yangu.

Alisimama na kitambaa kilicholowa mkononi, maji yakidondoka sakafuni. Halafu akaingia depo akavuta pazia.

Niliandika mwanzoni kwamba ninamficha. Watu watakaojua baadaye watasema hivyo hivyo, Prof alificha mtu, Prof alikuwa mwema. Ukweli niuache hapa: mwanzoni nilimficha, ndiyo. Baadaye nilimweka kwa ajili yangu. Wanaompenda wako ng'ambo wanamngoja na mimi nilikuwa nikihesabu vijiko vya uji. Picha ile niliitoa nje kwa majivuno. Gari lile nililiacha lipite kwa makusudi. La pili ndilo baya zaidi. Kama angeondoka Jumamosi ile, Anselme angetundika sura yake hata juu ya kanisa, isingemdhuru.

Jioni alitoka, akapasha maji. Akaniosha miguu. Alipofika vidoleni alisema tu:

— Nani atapashaka maji ya samaki?

Nikasema Marcellin. Akasema Marcellin atayachemsha na kuweka chumvi. Nilitaka kucheka, yeye hakucheka.

Kisha, akiwa ameinama: "Watoto yangu, Prof. Wiki muzima." Basi.


Jumapili, tarehe 16 Februari

Mafuta yamechelewa. Mapema imepita. Jua liko juu ya bati.

Mireille amevaa tayari. Nguo nyeupe aliyoiacha Sista, kitambaa cha sista kimeshuka hadi nyusi, msalaba wa mti. Ni mrefu kuliko masista wote niliowajua, lakini akifunga mdomo pengo halionekani. Amekaa kwenye kigoda karibu na pazia, disketi iko chini ya sukari, mfuko kwenye magoti. Nimemwambia aingie depo angoje humo. Amekataa.

— Kama ni gari, nitakuwa karibu. Kama ni bale ya bunduki, wakute sista anahudumia mugonjwa. Wakinikuta mu depo, ile njo itanisema mubaya.

Anasema kweli. Yeye ndiye mwenye akili katika nyumba hii. Nimempa chupa ya dawa na kijiko avishike.

Ameniinua, amenivalisha koti jeusi. Ameweka kiti changu mbele ya akwariamu. Anasema kuanzia leo unga wa ndakala kidole kimoja, si viwili, ninawanenepesha. Amenisamehe? Sijauliza. Sitauliza. Amefunga vifungo vyote vya koti, hata cha shingo.

Naandika ili mikono iwe na kazi. Jike mwenye doa amewaachia watoto wake wote, wanazunguka hovyo kati ya mawe, na yeye anakula.

Kengele ya mwisho wa misa imelia.

Sitaki kugeuka kwenye dirisha. Anayechungulia ana kitu cha kuficha. Lakini si lazima nigeuze shingo. Ni rahisi, nilifundisha mwenyewe: mwanga uwe nyuma yako, giza liwe mbele, na kioo kitakuonyesha vya nyuma.

Injini. Inapanda avenue. Inasita kwenye shimo mbele ya nyumba ya Marcellin, kama zinavyosita zote. Marcellin anapiga kelele za kukaribisha — anakaribisha kila mtu, haisaidii kujua ni nani.

Mireille amesimama. Amenishika kiwiko.

Nimezima taa ya samaki. Samaki wametoweka, jike na watoto wote, na katika kioo limetokea dirisha, na ua, na lango. Lango linafunguka. Ni nguo nyeupe za masista, au ni jua juu ya mtutu wa